Saratani ya korodani: nani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi muulizaji husema anamuulizia rafiki yake. Si kitu, muhimu ni kwamba ameuliza. Hapa tunazungumzia mambo mawili ambayo watu huyachanganya: alama za mwilini, yaani vitu unavyoweza kuviona, kuvigusa au kukumbushwa na mama yako kuwa ulizaliwa navyo, na alama za kurithi, zile zilizoandikwa ndani ya chembechembe za mwili. Neno korodani nimelitumia kwa lile yai lenyewe, na mfuko wa pumbu kwa ngozi inayolibeba.

Saratani hii inawapata watu wengi kiasi gani?

Ni nadra. Mwaka 2020 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 74,000, na vifo visivyofika 10,000. Kati ya saratani zote za wanaume, hii ni kama moja katika kila mia. Kinachoumiza ni umri inaowakuta watu: saratani nyingine nyingi hungoja uzeeni, hii huja kati ya miaka 15 na 40, na wastani wa umri wa wanaogundulika ni kama miaka 33. Kwa vijana wa rika hilo ndiyo saratani inayoongoza katika nchi nyingi.

Alama ya hatari ni kitu kimoja na dalili?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoingiwa na hofu bure. Dalili ni ishara kwamba huenda ugonjwa umeshaanza: uvimbe, korodani kuwa ngumu, uzito usio wa kawaida kwenye mfuko. Alama ya hatari ni jambo linaloonyesha kwamba uwezekano wako wa kuugua ni mkubwa kuliko wa mwenzako. Unaweza kuwa na alama tatu ukafika miaka 90 bila ugonjwa. Unaweza usiwe na alama hata moja ukaugua ukiwa na miaka 24.

Korodani yangu moja haikushuka nilipokuwa mtoto. Hilo lina uzito gani?

Katika alama zote za mwilini, hii ndiyo iliyothibitishwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Korodani haianzii kwenye mfuko. Huanzia juu tumboni, karibu na figo, mtoto akiwa bado mimba changa. Halafu husafiri polepole kushuka, hupita kwenye njia nyembamba ya kinena, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito hufika kwenye mfuko wa pumbu. Huko nje kuna baridi kidogo kuliko tumboni, na korodani inahitaji baridi hiyo ili kutengeneza mbegu. Kwa watoto wanaozaliwa miezi yao imetimia, wavulana 3 hivi katika 100 huzaliwa korodani moja au zote mbili zikiwa hazijafika. Kwa wanaozaliwa njiti ni wengi zaidi, hata 30 katika 100. Nyingi humalizia safari yake zenyewe katika miezi ya mwanzo. Mtoto akitimiza mwaka, aliyebaki na tatizo ni kama 1 katika 100.

Mwanamume aliyekuwa na korodani iliyokwama ana uwezekano wa kuugua saratani hii mara kadhaa kuliko mwingine. Wachunguzi hutaja kati ya mara 3 na mara 8, kutegemea ilikwama wapi na ilishushwa lini. Iliyokwama tumboni ina hatari zaidi kuliko iliyokwama kwenye kinena. Hata ile ya upande wa pili iliyoshuka vizuri ina hatari iliyoongezeka kidogo. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa: linaonyesha kwamba tatizo halikuwa joto la tumboni peke yake, bali kulikuwa na kitu kilichokwenda kombo mapema, wakati korodani zote mbili zinaumbwa.

Lakini mimi nilifanyiwa upasuaji ikashushwa. Bado nina hatari?

Imepungua, haijaisha. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 nchini Sweden uliwafuatilia karibu wanaume 17,000 waliofanyiwa upasuaji huo. Waliofanyiwa kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na hatari kama mara 2 ya watu wengine. Waliofanyiwa baada ya umri huo, zaidi ya mara 5. Inaonekana kubalehe ndiyo mstari wenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Korodani iliyoko tumboni huwezi kuigusa. Ikishuka kwenye mfuko unaweza kuijua kwa vidole vyako, na uvimbe ukianza utaushika ukiwa bado mdogo. Kwa sababu hiyo peke yake upasuaji una thamani.

Kama una kovu dogo kwenye kinena na hujui lilitoka wapi, muulize mama, baba, shangazi au yeyote aliyekulea. Wanaume wengi walifanyiwa upasuaji huu wakiwa wadogo mno kukumbuka, na nyumbani jambo lenyewe likafunikwa. Huenda pia lilikuwa la ngiri. Vyovyote iwavyo, ni habari ya mwili wako na una haki nayo.

Mwanangu mfuko wake uko mtupu upande mmoja. Nisubiri mpaka lini?

Akifika miezi 6 korodani haijashuka, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa watoto. Baada ya umri huo ni nadra ishuke yenyewe, na wataalamu hushauri upasuaji ufanyike kati ya miezi 6 na 18. Usikubali kuambiwa usubiri mpaka akue.

Kuna watoto ambao korodani hupanda na kushuka, hasa wakipatwa na baridi au wakishikwa. Ukimwogesha kwa maji ya uvuguvugu ikashuka na kutulia mfukoni, huenda ni msuli tu unaoivuta. Hiyo siyo iliyokwama, ila aangaliwe kila mwaka, kwa sababu chache hupanda na kubaki juu.

Baba yangu aliugua. Kaka yangu aliugua. Na mimi je?

Ikiwa aliyeugua ni baba, uwezekano wako ni kama mara 4 ya mtu mwingine. Ikiwa ni ndugu wa tumbo moja, ni kama mara 8 mpaka 10. Ni idadi zinazotisha zikisomwa peke yake, kwa hiyo tuzifanyie hesabu.

Chukua nchi kama Marekani, ambako mwanamume 1 katika 250 hupata ugonjwa huu maishani mwake. Katika wanaume 1,000 ni 4. Zidisha kwa 8: ni 32 katika 1,000. Maana yake katika kila ndugu 100 wa wagonjwa, kama 97 hawataugua kamwe. Hatari imeongezeka kweli, na ni sababu nzuri ya kujichunguza kila mwezi, lakini haijawa hukumu.

Swali ambalo watu hujiuliza ni kwa nini ndugu aongoze kuliko baba, wakati kwa kiasi cha damu wanayochangia na wewe wako sawa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ndugu mmechangia zaidi ya jeni, yaani yale maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya chembe. Mmekaa kwenye tumbo moja la uzazi, na mambo mengi ya ugonjwa huu yanaonekana kuanzia humo. Pia kuna jeni ambazo huhitaji kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na hizo huonekana zaidi kati ya ndugu kuliko kati ya baba na mwana.

Mkiwa mmoja wenu ameugua, waambie wengine wote wa kiume. Najua si mazungumzo mepesi, lakini mdogo wako wa miaka 19 anaihitaji habari hiyo kuliko mtu yeyote.

Kuna jeni moja ya saratani hii? Nikapime?

Hakuna jeni moja. Kwa saratani ya matiti kuna jeni kama BRCA1, ambayo ikiharibika peke yake hupandisha hatari kwa kiasi kikubwa mno. Kwa korodani jeni ya nguvu hiyo haijapatikana. Kilichopatikana ni nyingi ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo.

Mlango ulifunguka mwaka 2009, makundi mawili ya watafiti yalipochapisha matokeo kwa wakati mmoja. Wote walifika kwenye jeni iitwayo KITLG, iliyoko kwenye kromosomu ya 12 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya chembe zinazobeba jeni). Kazi yake ni ya kuvutia. Chembe changa zitakazokuja kuzaa mbegu za kiume huanzia mbali na korodani, nazo lazima zisafiri ndani ya kiinitete mpaka zifike. KITLG hutengeneza protini inayoziongoza na kuzihifadhi zisife njiani. Mtu mwenye toleo fulani la eneo hilo la jeni ana hatari kubwa kuliko asiye nalo, karibu mara 2.5 kwa kila nakala anayoibeba. Kwa magonjwa ya aina hii hilo ni ongezeko kubwa. Jeni nyingine zilizotajwa tangu wakati huo ni SPRY4, DMRT1, BAK1 na TERT, na kufikia mwaka 2021 maeneo yaliyohusishwa na ugonjwa huu yalikuwa yamefika 78.

Ipo pia alama kwenye kromosomu Y, ile anayoirithi mwana kutoka kwa baba. Baadhi ya wanaume hukosa kipande chake kidogo ambacho wataalamu hukiita gr/gr. Kipande hicho kinahusika na utengenezaji wa mbegu, na kukikosa kunapandisha hatari ya saratani kwa mara 2 au 3. Lakini wanaokikosa ni wachache, na wengi wao hawaugui.

Sasa jibu la swali lenyewe: usikimbilie kupima. Hakuna kipimo cha jeni kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa afya kwa ajili ya saratani hii. Toleo la KITLG lenye hatari limeenea mno, wanaume wengi wa asili ya Ulaya wanalo na hawaugui. Karatasi ya majibu itakuachia wasiwasi, haitakuambia la kufanya ambalo vidole vyako havijakuambia.

Nimesoma kuhusu kromosomu ya 12 ndani ya uvimbe. Hiyo nayo inarithiwa?

Hapana. Katika uvimbe mwingi wa korodani mkono mfupi wa kromosomu ya 12 hujirudufu. Alama hiyo imo ndani ya chembe za uvimbe tu, haimo kwenye damu yako wala kwa watoto wako. Humsaidia mtaalamu wa maabara kuthibitisha kwamba kipande cha nyama alichonacho kimetokana na chembe za uzazi.

Je, kuna hali za kuzaliwa nazo zinazohusiana na ugonjwa huu?

Zipo. Wenye ugonjwa wa Down wana hatari iliyoongezeka. Watu ambao viungo vyao vya uzazi havikuumbika kikamilifu huku wakiwa na kromosomu Y wako kwenye hatari kubwa zaidi, na hao hufuatiliwa na madaktari bingwa tangu utotoni. Wanaume wenye kromosomu X ya ziada, yaani XXY, wana jambo la kipekee: uvimbe wa aina hii huweza kuwatokea kifuani, katikati ya mapafu. Mtoto aliyezaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani, au aliyezaliwa na ngiri ya kinena, hatari yake imeongezeka kidogo tu.

Kwa nini wengi wa wagonjwa ni watu wa Ulaya Kaskazini?

Norwe na Denmark zimekuwa juu kwa miaka mingi, zikiwa na wagonjwa wapya 10 hivi au zaidi kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka. Barani Afrika na sehemu kubwa ya Asia kiwango kinachoripotiwa ni chini sana. Mtu anaweza kusema ni uhaba wa vipimo. Upo, lakini nchini Marekani, ambako takwimu zinakusanywa vizuri, weusi huugua kwa kiasi kidogo mara kadhaa kuliko weupe wanaoishi nao nchi moja. Toleo la hatari la KITLG nalo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Jeni ina mkono hapa.

Hata hivyo jeni haielezi kila kitu. Ugonjwa huu uliongezeka maradufu katika nchi nyingi za Magharibi ndani ya nusu karne, na jeni za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo. Tena, wanaume wa Denmark waliozaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili waliugua kidogo kuliko waliowatangulia na waliowafuata. Na mhamiaji anayekwenda utu uzima kuishi kwenye nchi yenye hatari kubwa hubaki na hatari ya alikotoka, ila mwanawe anayezaliwa huko huchukua ya huko. Yote haya yananielekeza kwenye jambo moja: kinachotokea kabla ya kuzaliwa ndicho chenye uzito. Mtafiti wa Denmark, Niels Skakkebæk, alieleza mwaka 1972 kuhusu chembe zisizo za kawaida alizoziona kwenye korodani kabla ya uvimbe kutokea. Chembe hizo hufanana na za mtoto aliye tumboni. Zinakaa zimelala miaka yote ya utoto, kisha homoni za kubalehe huziamsha. Ndiyo maana ugonjwa huwakuta vijana.

Mtu mweusi asisome haya akadhani yeye hayamhusu. Kuugua kwa nadra siyo kutokuugua, na anayeamini hawezi kuugua huchelewa hospitali.

Ni kweli warefu wana hatari zaidi?

Ndiyo, kidogo. Kwa kila sentimita 5 za urefu hatari hupanda kwa kama asilimia 13. Unene hauonyeshi uhusiano wa maana. Hakuna daktari atakayekufuatilia kwa sababu ya urefu, na wewe usiuhesabu.

Tunatafuta mtoto hatupati, na mbegu zangu zimeonekana chache. Kuna uhusiano?

Upo. Wanaume wenye mbegu chache au korodani ndogo wana hatari iliyoongezeka, pengine kwa sababu chanzo ni kile kile cha tangu tumboni. Kwa hiyo mwanamume anayechunguzwa ugumba apimwe korodani kwa mikono ya daktari, na ikibidi kwa ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti), badala ya kuangaliwa mbegu peke yake. Mara kadhaa uvimbe mdogo umegunduliwa kwa njia hiyo, mtu akiwa amekwenda kwa ajili ya mtoto.

Ultrasaundi imeonyesha vichembe vyeupe vya chokaa ndani ya korodani. Ni saratani?

Siyo. Kwenye skrini huonekana kama nyota nyeupe zilizotawanyika kwenye anga la kijivu, na mtu akiziona mara ya kwanza moyo humwenda mbio. Kama huna alama nyingine yoyote, vichembe hivyo havihitaji kufuatiliwa kwa vipimo, endelea tu kujichunguza. Kama vimeambatana na korodani iliyowahi kukwama, korodani iliyosinyaa, au ndugu aliyeugua, daktari atakupangia ultrasaundi ya kila mwaka. Aliyewahi kuugua upande mmoja naye yumo kwenye kundi hilo.

Kugongwa na mpira, kuendesha baiskeli, punyeto, kufunga kizazi: vinasababisha?

Vyote vinne, hapana. Kugongwa kuna kisa chake: mtu hugongwa, hujishika kwa maumivu, ndipo hugundua uvimbe uliokuwapo miezi mingi, na lawama hubebeshwa mpira. Baiskeli ilipata sifa mbaya kwa sababu mwendeshaji maarufu Lance Armstrong aligundulika mwaka 1996, akiwa na miaka 25, saratani ikiwa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Alipona. Baiskeli haikuhusika.

VVU na bangi?

Wanaoishi na VVU wana hatari kubwa kiasi kuliko wengine. Kuvuta bangi mara kwa mara kwa miaka mingi kumehusishwa na aina moja ya uvimbe huu, ile inayokua haraka. Kama unatafuta sababu ya kuacha, chukua hiyo.

Niliugua upande mmoja nikatibiwa. Upande wa pili uko salama?

Uko kwenye hatari kama mara 12 ya mtu wa kawaida, na katika waliopona 100, kama 2 huugua upande wa pili ndani ya miaka 15. Endelea kujichunguza hata baada ya kliniki kukuruhusu.

Sina alama hata moja kati ya hizi. Niache kusoma?

Tafadhali usiache. Katika wagonjwa 10, aliyekuwa na korodani iliyokwama ni mmoja tu au hata hafiki. Wenye ndugu aliyeugua ni wachache zaidi. Wengi wa wanaoketi mbele ya daktari wakiwa na uvimbe hawakuwa na alama yoyote.

Najichunguza vipi?

Oga kwa maji ya uvuguvugu kwanza, mfuko ulegee. Simama. Shika korodani moja kati ya kidole gumba na vidole viwili vya mbele, uizungushe polepole kana kwamba unatafuta ufa kwenye yai lililomenywa. Inapaswa kuwa laini, nyororo, na yenye ugumu sawa kila mahali. Nyuma yake, kuelekea juu, utagusa kitu kama uzi mnene uliojikunja, laini na wenye kuuma kidogo ukikibana. Hicho siyo uvimbe, ni mrija unaohifadhi mbegu, na wengi wameshtuka bure kwa kutokukijua. Korodani moja kuning'inia chini zaidi ya nyingine ni kawaida, na moja kuwa kubwa kidogo pia.

Unachokitafuta ni punje ngumu kama ya mchele au dengu iliyoshikana na korodani yenyewe, sehemu iliyokakamaa, au korodani iliyobadilika ukubwa. Mara nyingi haiumi. Kutokuuma ndiko kunakowaponza watu.

Niseme kweli kwamba wataalamu hawakubaliani juu ya jambo hili. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga halipendekezi wanaume wote wachunguzwe kwa mpango maalumu, kwa sababu ugonjwa ni nadra na tiba yake ina nguvu hata ukichelewa kidogo. Mimi naona kuujua mwili wako hakukugharimu kitu, na kwa mwenye alama ya hatari ni lazima.

Dalili nyingine ni zipi?

Uzito au maumivu mafifu kwenye mfuko au chini ya tumbo, maji kujaa ghafla kwenye mfuko, matiti kuvimba au kuuma. Maumivu ya mgongo pia. Hili la mgongo huwashangaza wengi, lakini kumbuka korodani ilianzia karibu na figo: iliposhuka ilikuja na mishipa yake, kwa hiyo ugonjwa ukisambaa hurudi kwanza kwenye tezi za limfu za huko juu, mbele ya uti wa mgongo.

Nikienda hospitali watanifanya nini?

Daktari atakugusa, kisha utapigwa ultrasaundi, ambayo haiumi. Damu itapimwa vitu vitatu ambavyo uvimbe wa korodani huweza kuvipandisha: AFP, hCG na LDH. Majibu ya damu yakiwa mazuri hayamaanishi huna saratani, maana baadhi ya uvimbe hauvipandishi kabisa.

Ukiambiwa ni maambukizi ukapewa dawa, na baada ya wiki mbili uvimbe uko pale pale, rudi udai ultrasaundi. Na yeyote asichome sindano kwenye korodani kupitia mfuko ili kuchukua kipande cha nyama cha kupima. Ikishukiwa kuwa ni saratani, korodani hutolewa nzima kupitia kinena, njia ile ile iliyoshukia, ili chembe za ugonjwa zisimwagike kwenye ngozi ya mfuko.

Nitapona? Nitaweza kuzaa?

Kwenye nchi zenye matibabu kamili, karibu watu 95 katika 100 huwa hai baada ya miaka 5, na ikiwa ugonjwa haujatoka kwenye korodani, ni karibu wote. Kabla ya miaka ya 1970 ukisambaa ulikuwa unaua. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kutumia dawa iitwayo cisplatin pamoja na nyingine, na mambo yakageuka.

Korodani moja yenye afya inatosha kwa nguvu za kiume na kwa uzazi. Lakini dawa za saratani huweza kupunguza mbegu, kwa hiyo kabla ya matibabu uliza kuhusu kuhifadhi mbegu kwenye baridi. Uliza hata kama daktari hajalitaja, hata kama kwa sasa hufikirii watoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa maneno yao ni kweli neno kwa neno.

Naona aibu. Nitaanzaje kumwambia daktari?

Hahitaji historia ndefu. Mwambie hivi: "Daktari, nimegusa kitu kigumu kwenye korodani ya kushoto, nimekiona tangu wiki iliyopita, hakiumi." Kama korodani yako iliwahi kukwama, au ndugu yako aliugua, ongeza hilo hapo hapo kabla hajauliza. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi umpe. Ataisoma, atavaa glavu, na utakuwa umemaliza sehemu ngumu.